Faini Imelipwa: Je, Tumemalizana?

Hivi karibuni baadhi yetu tulisafiri kwa Kosta ya kukodi kwenda Dar es Salaam, kwenye harusi ya kijana wa mtaa wetu. Tulipokwisha kupita Mkata, dereva wetu alilipita lori lenye tela kwenye kilima, mahali palipochorwa mstari mweupe usiokatika. Gari dogo lililokuwa likija mbele yetu lilitoka kwenye lami likaingia majanini. Hakuna aliyeumia. Mbele kidogo trafiki alikuwa amesimama chini ya mti. Mmoja wetu (hatumtaji, ila ni mzee wa kanisa) alinong'ona kwamba askari apewe ya maji tu yaishe. Askari hakuinua hata kichwa, akaendelea kuandika. Faini shilingi 30,000. Tukachangishana humo humo garini, tukampa dereva, tukaendelea na safari huku tukiimba.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina nini hata liingie katika gazeti la kanisa. Sisi nasi tungelisahau, lakini kabla hatujafika Chalinze yalizuka mabishano ambayo mpaka leo hayajaisha.

Wengi walisema dereva ameonewa. Amemdhuru nani? Lori lilikuwa likitambaa, yule wa gari dogo alirudi barabarani salama, na sisi sote tu wazima. Mtu hulipa kwa kuvunja kitu, na hapa hakuna kilichovunjika. Neno hili lina nguvu, wala hatutaki kulipuuza. Lakini hebu tufanye hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, na lori kilomita 60, gari humzidi mwenzake kwa mita tano na nusu tu kwa kila sekunde. Ukijumlisha urefu wa lori na tela lake, urefu wa gari lako, na nafasi ya kutoka na kurudi, zapatikana mita 50 hivi. Basi zahitajika sekunde 9. Katika sekunde hizo umekwenda mita 200 katika upande usio wako, na anayekuja kwa mwendo kama wako naye amekwenda mita 200. Yakupasa uone mita 400 mbele yako zilizo tupu. Kwenye kilima kile tuliona labda mita 80, kisha mbingu.

Mstari ule mweupe haukuchorwa ovyo, basi. Waliouchora walikwisha kupima kwamba kutoka hapo mtu haoni. Anayeuvuka asema hivi: "Sijui kama kuna mtu ng'ambo, nami nakwenda." Sisi watu wa minazi twalielewa hili vizuri. Mkwezi asiyetazama chini wala kupiga kelele kabla ya kuangusha nazi, hata zikianguka mchangani na kumkosa mtoto aliyepita, hakuna mama atakayemwambia kwamba hakufanya kosa. Kosa limekwisha kufanyika nazi ilipoachiwa juu. Ilipoanguka ni jambo jingine.

Na mara nyingine haianguki mchangani. Mwezi wa Februari 2023, usiku, huko Magira Gereza, wilayani Korogwe, lori liligongana uso kwa uso na Kosta iliyokuwa ikisafirisha maiti kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kwa mazishi. Watu wasiopungua 17 walikufa. Viongozi wa serikali walieleza kwamba dereva wa lori alikuwa akijaribu kulipita gari jingine. Waliokuwa wakienda kuzika wakazikwa wao. Alichofanya dereva yule kabla ya kugongana hakikutofautiana na alichofanya dereva wetu.

Tuliomba kabla ya kuondoka, na ni vema. Lakini Bwana wetu alipopandishwa juu ya hekalu alikataa kujitupa chini ili malaika wamdake. Tena yeye angejitupa peke yake. Dereva hujitupa pamoja na abiria 26 na watu asiowajua.

Wengine walisema: sawa, amekosa, lakini amelipa, yamekwisha. Hapa ndipo sisi twaona shida zaidi. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 anayekiri kosa huweza kulipa faini bila kwenda mahakamani, na akilipa serikali haimdai tena. Haki kabisa. Lakini serikali haikuingia majanini. Aliyeingia ni mtu mmoja ambaye hatukuona hata sura yake vizuri, akaenda kwake mikono ikitetemeka, wala hakuna aliyemwomba radhi. Sisi tuliofundishwa kuungama twajua kwamba deni la namna hiyo halilipwi kwa fedha, na pengine halilipiki kabisa hapa duniani, maana hatutamwona tena. (Faini yenyewe nayo haina mizani: kwa mwenye shangingi ni chakula cha mchana, kwa dereva wa hesabu ni jasho la siku kadhaa. Hilo tuwaachie wabunge.)

Je, tulifanya vema kumchangia? Mwinjilisti wetu alisema tumemfundisha dereva kwamba dhambi ina wafadhili. Tulicheka, ila si uongo. Lakini twamwuliza naye: nani alisema, "Kaza mwendo, Misa ni saa 8"? Tulisema sisi. Tena tulisema mara tatu, na kila aliposita nyuma ya lori tulipiga midomo. Karatasi ya faini iliandikwa jina la mtu mmoja kwa sababu usukani una nafasi ya mtu mmoja. Basi kwa maoni yetu ule haukuwa msaada. Tulilipa sehemu yetu, na huenda tulilipa pungufu.

Na haraka ile ilitoka wapi? Tulipanga kuondoka saa 12 asubuhi. Tuliondoka saa 2 na nusu, kwa kuwa tuliwasubiri watu watano, na wawili kati yao ndio waandishi wa habari hii.

Safari ya Kipaimara mwezi ujao gari litaondoka kanisani saa 10 alfajiri. Asiyekuwapo hatasubiriwa, nasi tukiwamo.