AHADI YA SIKU: Je, Muuzaji Hulaumiwa kwa Kukawia kwa Mchukuzi?

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twawaletea ndugu zetu mas-ala ambayo wengi huyaona madogo, na kumbe ndani yake mna haki za watu na riziki zao. Nayo ni haya: mtu akiuza kitu kwa mnunuzi aliye mbali, akaahidi kitafika siku fulani, kisha akakitoa mkononi mwake kwa wakati, lakini mchukuzi akakawia njiani, je, mtu huyu amevunja ahadi? Na ikiwa hakuivunja, ni haki kumwandikia kosa na kumfungia mlango wa biashara?

Zamani mas-ala haya yalikuwa baina ya watu wawili wajuanao. Leo yamekuwa ya mamilioni ya watu wasiopata kuonana, kwani biashara kubwa imehamia katika masoko ya intaneti. Lililo mashuhuri ni soko la Amazon la Marekani. Lilianza kwa kuuza vitabu katika mwaka wa 1995, na Novemba 2000 likawafungulia mlango wauzaji wa nje, wenye mali zao wenyewe, wauze humo pamoja nalo. Hivi leo zaidi ya nusu ya vitu viuzwavyo humo ni vya wauzaji hao. Basi mwenye soko amekuwa kama dalali mkubwa: humwonyesha mnunuzi bidhaa, hupokea thamani, hukata ujira wake, na huweka masharti. Na katika masharti hayo yamo ya wakati.

Yataka tuyajue masharti yenyewe kabla ya kuyahukumu, kwani mwenye kuhukumu asilolijua amedhulumu hata kama amepatia. Muuzaji anayejipelekea mzigo mwenyewe hutakiwa mizigo aliyochelewa kuitoa isifike 4 katika kila 100. Hiki ni kipimo cha kutoa: je, mzigo umetoka kwako siku uliyosema? Kisha katika mwaka wa 2024 soko hilo lilitangaza sharti jingine kwa wauzaji wa Marekani: yakuwa katika kila mizigo 100 isipungue 90 iliyofika kwa mnunuzi siku iliyoahidiwa au kabla yake, na asiyefikia kiasi hicho huenda akazuiwa kuuza vitu anavyojipelekea mwenyewe. Hiki ni kipimo cha kufika. Ndugu msomaji, vipimo hivi viwili vyafanana kwa jina tu. Cha kwanza chapima kazi ya mtu. Cha pili chapima kazi yake pamoja na ya posta, na ya dereva, na ya barabara, na ya theluji na mafuriko.

Na si masoko yote yapimayo hivi. Katika soko la eBay, lililoanzishwa pia mwaka wa 1995, muuzaji aliyekabidhi mzigo kwa mchukuzi ndani ya muda aliousema, na mchukuzi akathibitisha kuupokea, haandikiwi kuchelewa ijapokuwa mzigo umefika baada ya siku yake. Basi hapa pana rai mbili katika jambo moja, na kila rai ina hoja yake. Tuzitazame kwa insafu.

Wasema wenye rai ya kufika: mnunuzi hakununua kutoka kwa mzigo, alinunua kufika kwake. Aliyelipia nguo ya arusi ikamfikia arusi imekwisha, humfaa nini kuambiwa yakuwa muuzaji aliitoa mapema? Tena ni nani aliyemchagua mchukuzi? Ni muuzaji. Mnunuzi hamjui wala hakupatana naye. Mtu hawezi kuchagua mchukuzi wa rahisi ili azidishe faida yake, kisha mchukuzi akikawia aseme, haya si yangu.

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuidharau. Wanavyuoni wa madhhab yetu ya Imamu Shafi wamesema yakuwa mali iliyouzwa hukaa katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi aikabidhi. Ikiangamia kabla ya hapo kwa jambo lisilo la mtu, bei hubatilika na thamani hurejeshwa. Wala hawakumuuliza muuzaji kwanza: je, ulifanya uzembe? Basi ikiwa mali iliyopotea ni juu yake hata bila kosa lake, vipi hasara ya kukawia isiwe juu yake?

Lakini hapa ndipo palipochanganyika mambo mawili, na kuyatenga ndiyo ufunguo wa mas-ala yote. Dhamana ni jambo jingine na lawama ni jambo jingine. Dhamana ni kubeba hasara ili asiyekuwa na kosa, naye ni mnunuzi, asiibebe. Lawama ni kumhukumu mtu yakuwa amefanya uovu. Mtoto mdogo akivunja chombo cha jirani, chombo hulipwa katika mali yake, wala hapana amwitaye mwovu. Basi kumwambia muuzaji, mrejeshee mnunuzi fedha yake kwa kuwa mzigo umekawia, hiyo ni dhamana, nayo ni haki. Ama kumwandikia katika daftari yakuwa yeye ni mtu asiyetimiza ahadi, kisha kwa daftari hilo kumfungia mlango, hiyo ni lawama. Na lawama haimpati mtu ila kwa lile lililokuwa katika uwezo wake.

Na ni lipi lililo katika uwezo wake? Twaona ni mambo manne. La kwanza, asiahidi ila lile alilo na sababu ya kulidhani litakuwa. La pili, afanye kazi yake kwa wakati: afunge mzigo vyema, aandike anwani sawasawa, autoe siku aliyoisema. La tatu, amchague mchukuzi kwa uangalifu, na akimwona anakawia mara kwa mara, amwache. Kwani kukawia kwa mara ya kwanza ni kwa mchukuzi, na kukawia kwa mara ya kumi ni kwa yule anayeendelea kumpa mizigo. La nne, akijua mzigo utachelewa, amwarifu mnunuzi upesi na ampe hiari ya kungoja au kuvunja bei. Aliyeyatimiza haya manne ametimiza ahadi yake, mzigo ufike usifike.

Wala haya si maneno yetu peke yetu. Serikali ya Marekani katika mwaka wa 1975 ilitoa kanuni ya bidhaa ziagizwazo kwa posta, nayo ikaenezwa baadaye hata kwa simu na intaneti. Kanuni hiyo yamtaka muuzaji awe na msingi wa kuaminika kwa muda anaoutaja wa kutoa mzigo. Asipotaja muda, autoe ndani ya siku 30. Na akishindwa, amwarifu mnunuzi na ampe hiari ya kukubali kuchelewa au kurejeshewa fedha zake. Angalia jinsi ilivyokaribiana na mlango wa salamu katika fikihi yetu. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya kupatikana, akawaelekeza yakuwa kipimo kijulikane, na uzani ujulikane, na muda ujulikane. Na wanavyuoni wakasema: siku ikifika na bidhaa haipatikani, mnunuzi ana hiari, akipenda hungoja, akipenda huvunja mkataba akachukua mali yake. Hawakusema muuzaji apigwe marufuku sokoni.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wengi hawaliulizi: ahadi yenyewe ni ya nani? Katika soko hilo la Marekani, siku anayoonyeshwa mnunuzi haiandikwi na muuzaji kwa mkono wake. Muuzaji hutaja siku za kutayarisha mzigo na huweka siku za safari, na hesabu ya soko ndiyo itoayo tarehe. Tena wako ambao hesabu zote mbili wamemwachia mwenye soko azifanye. Basi mwenye soko husema kwa ulimi wa muuzaji. Huenda mtu akasema: muuzaji aliridhia masharti, kwa hivyo amemfanya mwenye soko wakili wake. Twamjibu: na iwe hivyo. Lakini wakili yawajibika atazame maslaha ya aliyemwakilisha. Wakili anayeahidi muda mwembamba ili wanunuzi wapendezwe na soko lake, kisha muda ule ukimshinda muuzaji humwandikia kosa, huyo amejipa utamu wa ahadi na kumwachia mwenziwe uchungu wake.

Na yakuwa wembamba wa muda ni jambo la desturi na biashara, wala si la maumbile, ushahidi wake ni huu. Mwaka wa 2005 soko hilo lilianzisha huduma ya wanachama wake kwa ahadi ya siku mbili, na watu wakastaajabu. Mwaka wa 2019 likatangaza kuifanya siku moja. Babu zetu walingoja kaskazi ilete majahazi, na aliyefikiwa na mzigo katika msimu wake hakusema umechelewa. Basi neno kuchelewa halina maana mpaka tujue nani aliyeuweka muda, na kila siku inayopunguzwa katika muda hubebwa na mgongo wa mtu.

Liko jambo la udhuru pia. Soko hilo humwondolea muuzaji kosa la mchukuzi ikiwa ametumia hesabu za soko, na amenunua kibandiko cha uchukuzi kwa njia ya soko lenyewe kati ya vile vyenye ulinzi huo, na ametoa mzigo kwa wakati. Wema wa jambo hili twaukubali, kwani ni kuungama yakuwa kukawia kwa mchukuzi si kosa la muuzaji. Lakini ikiwa si kosa lake, basi si kosa lake popote alipokinunua kibandiko. Udhuru wa kweli haununuliwi dukani kwa hakimu. Tena mwenye soko huyu ana maghala yake, na tangu mwaka wa 2006 huwapelekea mizigo wauzaji wanaomlipa kwa kazi hiyo, na hao kipimo hiki cha kufika hakiwahusu. Basi yeye ndiye apimaye, naye ndiye auzaye njia ya kuepuka kupimwa. Septemba 2023 tume ya biashara ya serikali ya Marekani pamoja na majimbo 17 ilifungua daawa juu yake, na moja ya madai yao ni yakuwa huwasukuma wauzaji watumie maghala yake, naye ameyakanusha. Sisi hatuitangulii hukumu ya mahakama. Twasema tu lile lijulikanalo na kila mwenye akili: kadhi hawi mwenye maslaha katika kesi.

Kisha tazama hesabu yenyewe. Mwenye mizigo 1,000 akichelewesha 100 amesalimika, kwa kuwa amebaki na 90 katika kila 100. Mwenye mizigo 10 ikimchelewea 2 kwa gharika moja amebaki na 80, naye yuko hatarini. Wa kwanza amewaudhi watu 100, wa pili watu 2. Kipimo ni kimoja, lakini kwa mdogo ni kizito zaidi, kwani hana wingi wa kuifunika bahati mbaya. Surat al-Mutaffifin imewatisha wale wanaotaka kutimiziwa wanapopimiwa na kupunguza wanapowapimia wengine. Kila mwenye mizani, iwe ya nafaka au ya siku, na aisome.

Wala tusidhani yakuwa muuzaji ndiye mdhulumiwa siku zote. Wako wanaochapa kibandiko na kutangaza mzigo umetoka, na mzigo ungali rafuni. Hiyo ni ghushi na uwongo, hata ukifika kwa wakati. Wako wanaojua siku tano hazitoshi wakataja tatu ili mnunuzi asiende kwa mwingine. Hao ahadi yao ilivunjika siku ileile walipoitamka. Wako pia wanaojitetea kwa methali ya kawia ufike. Methali hiyo ni ya msafiri achungaye roho yake. Si ya mtu aliyekalia fedha ya mwenziwe. Lililo la haki ni methali nyingine: ahadi ni deni. Na deni halilipwi kwa maneno.

Basi muhtasari wa rai yetu ni huu. Mnunuzi ana haki ya kurejeshewa mali yake mzigo ukikawia, bila kuulizwa kosa ni la nani. Muuzaji ana haki ya kutolaumiwa ila kwa kazi ya mkono wake na ukweli wa ulimi wake. Na mwenye soko, ikiwa ataka kuweka kipimo, na apime kile ambacho mpimwa aweza kukitenda, na autaje muda ambao yeye mwenyewe angekubali kupimwa kwao.

Na jambo hili lina wasaa kwetu, kwani vijana wetu wa pwani nao huuza kwa simu, hupokea fedha mbele, na hutuma mizigo kwa mabasi na vyombo. Kabla hujasema, kitafika kesho, jiulize: najua, au natamani? Ukiwa wajua, sema. Ukiwa watamani, sema kesho kutwa, nawe ukifika kesho umeongeza hisani. Na wewe mnunuzi, mzigo ukikawia, dai mali yako kwa haki, lakini usimvunjie mtu heshima yake mpaka ujue mkono uliokawia ni wa nani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko kuliko taufiki.