Ahadi ya Sekunde 86,400

Tuseme chama cha wakulima wa kahawa kinahamisha tovuti yake kutoka seva moja kwenda nyingine, jina likibaki lilelile. Saa mbili asubuhi mkulima wa Kanazi ameifungua kwenye simu. Saa tatu fundi anabadilisha anwani. Saa nne mwanafunzi wa Muleba, anayetumia mtandao mwingine, anaandika jina hilohilo na kuona ukurasa mpya, ilhali yule wa Kanazi akirudi saa tano anaona ule wa zamani. Yupi kati yao ameona tovuti ya kweli?

Jibu la haraka ni kwamba wa Muleba yuko sahihi na wa Kanazi amepitwa na wakati, kwa kuwa ukweli umo katika seva inayotunza kumbukumbu ya jina. Jibu hilo halijautazama vizuri mfumo wenyewe. Mfumo wa majina ya vikoa, aliouasisi Paul Mockapetris mwaka 1983, haupigi mbiu. Husemwa kuwa mabadiliko “yanasambaa”, lakini hakuna kinachosambazwa. Seva ya kampuni ya simu ikiuliza jina liko wapi, hupewa anwani pamoja na muda wa kuihifadhi: sekunde 3,600, yaani saa moja, au 86,400, siku nzima. Muda huo usipokwisha, haiulizi tena. Kwa hiyo anwani mpya huanza kazi pale nakala za zamani zinapokufa, kila moja kwa saa yake. Na aliyeupanga muda huo ni mwenye jina mwenyewe. Alimwambia wa Kanazi: shika jibu hili hadi kesho saa mbili. Hiyo ni ahadi, na aliyeishika hajakosea.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili jambo hili karne nyingi kabla ya kompyuta. Kibla kilipohamishwa kutoka Baitul Muqaddas kwenda Makka, mwaka wa 2 Hijria, habari iliwakuta watu wa Quba wakiwa ndani ya sala ya alfajiri. Waligeuka papo hapo, na sehemu waliyokwisha kuisali haikurudiwa. Wanazuoni wengi wa usuli wakachukua humo kwamba hukumu mpya haimlazimu mtu kabla haijamfikia. Tofauti ni kwamba Quba alikwenda mjumbe. Kanazi haendi mtu, na hilo linauzidisha mzigo wa anayehama.

Atasema mwanasheria: kutojua sheria si utetezi. Kweli, lakini sheria hutangazwa kwa wote. Hapa mwenye jina ndiye aliyemzuia mtu asiulize, kisha amlaumu kwa kutouliza? Pingamizi zito zaidi ni kwamba zipo seva zinazong’ang’ania jibu kupita muda zilioambiwa. Hizo sizitetei: muda ukiisha, kosa ni lao.

Ndiyo maana fundi mwangalifu haizimi seva ya zamani siku ya kuhama. Huiacha ikihudumia wanaokuja na jibu la jana. Zaire ilipogeuka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, kikoa cha .cd kilianzishwa mwaka huohuo, lakini kile cha zamani, .zr, kilifutwa mwaka 2001 tu. Karatasi, kwa upande wake, haina muda wa kufa. Mkoa wa Ziwa Magharibi uliitwa Kagera mwaka 1979, baada ya vita na Idi Amin, na cheti cha kuzaliwa chenye jina la zamani la mkoa si cha kughushi hata leo. Mwenye cheti hakuambiwa lini aende kuuliza upya. Mfumo wa vikoa una adabu kuliko ofisi zetu katika hili: kila jibu linatoka na tarehe ya kusahauliwa.

Wapo wanaodhani njia ya mkato ni kuufupisha muda hadi sekunde 300 na kuhama baada ya dakika tano. Lakini ufupisho nao ni jibu jipya, na aliyepewa siku nzima hatausikia mpaka siku yake iishe. Atakayeupunguza leo saa tatu, na ahame kesho baada ya saa tatu.