Kiungo Kisichosogea



Mtu mzima ana mifupa 206, lakini bila viungo hatembei. Kwenye goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, linalozuia mfupa kusaga mfupa. Gegedu halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute ulio ndani ya goti, na ute huo hulifikia vizuri ukitembea, ukikunja na kunyoosha. Goti lisilosogea linalala njaa.

Nilipovunjika mguu nilikaa na plasta wiki sita. Ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, lakini goti lilikataa kukunjika. Mazoezi yalinitoa machozi, jameni! Lakini ndiyo yaliyonirudisha.

Soma Waefeso 4:16. Paulo anatuonyesha kanisa kama mwili ulioshikanishwa na viungo. Mimi na ndugu mmoja hapa kanisani tulikosana juu ya pesa za mradi. Tulisameheana mbele ya wazee, lakini hatukuwa tunasalimiana. Mfupa umeunga, kiungo kimekauka. Jumamosi nilimpigia simu, mkono ukitetemeka. Tulikunywa chai, tukaongea mambo madogo madogo tu.

Wewe je, ni nani humsalimii? Mpigie leo. Itauma kidogo. Sogeza tu.