Mguu Umekwenda Wenyewe: Mtoto wa Mkristo na Mafunzo ya Karate

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 2:7, 2 Wafalme 5:17–19, Danieli 3, Mathayo 5:38–45, Mathayo 26:51–54, Luka 2:52, 1 Wakorintho 6:19, 20, 1 Wakorintho 9:24–27, 1 Timotheo 4:7, 8.

Sabato Alasiri

Mama mmoja alileta swali katika darasa la Shule ya Sabato. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa akinyang'anywa nauli na wavulana wakubwa kila atokapo shuleni. Kijana wa jirani anayefundisha karate alimkaribisha katika mafunzo yake ya jioni, mara tatu kwa juma. Baada ya miezi minne mtoto alikuwa amebadilika. Alikula vizuri, alilala vizuri, alitembea ameinua kichwa. Wale wavulana wakaacha kumsumbua, ingawa hakupigana nao hata siku moja.

Kisha jioni moja dada yake mdogo alimpokonya daftari kwa utani. Kabla mtu hajasema neno, mguu wa kaka ulikuwa umeshatua mbavuni mwa mdogo wake. Aliyelia zaidi ni kaka. "Mama, sikutaka," alisema. "Mguu umekwenda wenyewe."

Mama akauliza: "Nimtoe, au nimwache aendelee?"

Darasa likagawanyika. Wengine walisema karate ni mambo ya kipagani, mtoto atolewe leo leo. Wengine walisema hayo ni mazoezi ya mwili tu, hayahusiani na imani. Juma hili tutaona kwa nini majibu hayo yote mawili yanamwacha mtoto bila msaada.

Jumapili: Mwanadamu ni Mmoja

Soma Mwanzo 2:7. Mungu hakutengeneza mwili kisha akaufungia ndani yake roho iliyokuwa ikiishi mahali pengine. Alilifinyanga vumbi, akalipulizia pumzi, na mtu akawa nafsi hai. Waadventista tunalifundisha jambo hili kwa makini tunapoeleza hali ya wafu. Lakini linahusu pia hali ya walio hai, wakiwemo watoto wanaorukaruka uwanjani jioni.

Kama mtu ni mmoja, hatuwezi kusema, "Ni mwili tu." Hakuna kinachougusa mwili wa mtoto kikaishia mwilini. Vilevile hatuwezi kusema, "Aombe tu, mwili si kitu." Mtoto aliyedhoofika, anayeogopa njia ya kurudi nyumbani, anaomba akiwa katika mwili huo huo unaotetemeka. Paulo anauita mwili hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20). Hekalu halitelekezwi likaporomoka, wala halifunguliwi kwa kila apitaye.

*Ni lini wewe mwenyewe umesema "ni mwili tu" ili kuhalalisha jambo fulani? Ni lini umeupuuza mwili kwa kisingizio cha mambo ya kiroho?*

Jumatatu: Faida Iliyo Halali

Luka 2:52 linatuambia kwamba Yesu alikua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Kimo kimetajwa pamoja na hekima. Mwokozi wetu alikua katika nyumba ya fundi seremala, alibeba mbao, na alitembea kwa miguu kutoka Nazareti hadi Yerusalemu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutosha kuupandisha mapigo moyo, na angalau siku 3 kwa juma wafanye yale yanayoimarisha misuli na mifupa. Watoto wetu wengi wa mjini hawafikii hapo. Asubuhi wako ndani ya daladala, mchana wako kwenye dawati, jioni wako mbele ya televisheni au simu.

Karate, judo na taekwondo hujaza pengo hilo vizuri. Kuruka na kusukuma huipa mifupa inayokua kazi inayoiimarisha. Kusimama kwa mguu mmoja hufundisha mizani. Kupiga hatua kwa kuhesabu huunganisha jicho, sikio na kiungo. Katika judo, miongoni mwa mambo ya kwanza kufundishwa ni kuanguka bila kuumia, na ujuzi huo humfaa mtu hata uzeeni. Paulo anaposema katika 1 Timotheo 4:8 kwamba mazoezi ya mwili yana faida ndogo kuliko utauwa, hasemi kwamba hayana faida. Anaipa kila faida nafasi yake.

Hata hivyo, mafunzo haya hayalingani. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2016, kiliwashauri wazazi wachague aina zisizo na kugusana, tena kikatahadharisha juu ya mapigano mseto. Mwaka 2011 chama hicho, pamoja na kile cha Kanada, kilipinga watoto kucheza ndondi, kwa kuwa katika ndondi kichwa hulengwa kwa makusudi. Nchini Japani, tangu mwaka 1983, zaidi ya wanafunzi 100 wamepoteza maisha katika judo ya shuleni, wengi kwa majeraha ya kichwa. Mzazi anayetafuta afya hana budi kuuliza: afya ya aina gani, na chini ya mwalimu gani?

Jumanne: Mlango Ni Mmoja

Rudi kwa yule mtoto na mguu wake. Alisema kweli: mguu ulikwenda wenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya mafunzo. Teke hurudiwa mara mia, mara elfu, hadi lisingoje tena kufikiriwa. Marudio yaliyomnyoosha mgongo ndiyo yaliyompiga dada yake. Faida na hatari zimeingia kwa mlango mmoja.

Waanzilishi walilijua hilo. Anko Itosu, mwalimu wa kisiwa cha Okinawa, aliiingiza karate katika shule za msingi mwanzoni mwa karne ya 20. Katika barua aliyoiandika mwaka 1908 alitaja afya ya mwili, na papo hapo akasema kwamba watoto wakianza mapema watakuja kufaa jeshini. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu kwa taaluma. Yeye alitaka mazoezi yale yalete manufaa ya wote wawili, anayeangusha na anayeangushwa. Mmoja aliutazama mwili wa mtoto akaona pia askari wa kesho. Mwingine aliona jirani.

Basi, swali la msingi kwa Mkristo ni hili: mwili wa mtoto wangu unafundishwa ufanye nini wakati akili yake haijapata nafasi ya kuamua? Maana saa ya hasira ni saa hiyo hasa. Petro alikuwa amesikia mafundisho ya mlimani, lakini pale Gethsemane mkono wake ulikwenda wenyewe, na sikio la mtu likakatika (Mathayo 26:51, Yohana 18:10).

*Mikono na ulimi wako vimezoea kufanya nini unapokasirishwa ghafla? Ni nani aliyevifundisha, na kwa marudio gani?*

Jumatano: Kuinama

Jambo linalowasumbua waumini wengi ni kuinama. Mafunzo huanza na kuisha kwa wanafunzi kuinamia ukumbi, mwalimu, na mwenzao. Je, huko si kuabudu?

Linganisha Danieli 3 na 2 Wafalme 5:17–19. Vijana watatu walikataa kuinama, kwa sababu amri ilisema wazi kwamba kuinama kule ni kuisujudia sanamu. Naamani, aliyekwisha kuahidi kumtolea Bwana peke yake dhabihu, alieleza kwamba kazi yake itamlazimu kuinama pamoja na bwana wake, na Elisha akamruhusu aende kwa amani. Haimaanishi kwamba kila kuinama kunaruhusiwa. Lakini tunajifunza kuuliza tendo lina maana gani mahali pale, kwa wale watu.

Mtoto wa Kisukuma anayepiga goti kumwamkia bibi yake haabudu, na vivyo hivyo mtoto anayemwinamia mwenzake kabla ya mazoezi anaweza kuwa anasema tu, "Nitakulinda usiumie." Lakini zipo kumbi zenye picha ya mwanzilishi inayoheshimiwa kwa namna inayokaribia ibada, na wapo walimu wanaofundisha kuondoa fikra zote kichwani au kutafuta nguvu isiyoonekana iliyomo ndani ya mtu. Hapo mtoto wa Mkristo anasimama, na mzazi wake anasimama pamoja naye. Mzazi asiyeingia ukumbini kutazama hawezi kujua.

Alhamisi: Ushindi Unaodai Nini?

Katika kitabu chake *Elimu* cha mwaka 1903, Ellen White aliitaja ndondi miongoni mwa michezo iliyokuwa ikiwafundisha vijana ukatili. Alichohofia ni kupenda kuwatawala wengine na kujivunia nguvu. Onyo hilo halijapitwa na wakati. Mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani lenyewe lilifuta mashindano ya kitaifa ya watoto wa shule za msingi, kwa sababu tamaa ya ushindi ilikuwa imepita kiasi, hata watoto wakafikia kupunguzwa uzito ili washinde. Kama wenye mchezo wameliona hilo, sisi tusijifanye vipofu.

Kwetu liko jambo jingine la wazi zaidi. Mashindano mengi na mitihani ya mikanda hufanyika Jumamosi. Hapo ndipo mtoto anapojua mwili wake ni mali ya nani. Paulo alitumia mfano wa mkimbiaji na mpiga ngumi, lakini alimalizia kwa kuutiisha mwili wake mwenyewe, asiwe mtumwa wake (1 Wakorintho 9:24–27).

Na Mathayo 5:39 je? Yesu hakugeuza shavu kwa kukosa la kufanya. Alisema angeweza kupewa zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika (Mathayo 26:53). Upole wake ulikuwa nguvu iliyozuiwa kwa hiari, kwa upendo. Mtoto anayenyang'anywa nauli anahitaji kwanza mtu mzima wa kumlinda, na kanisa lisimtupie fungu la kugeuza shavu kisha likaenda zake. Lakini naye, kadiri anavyopata nguvu, ajue amepewa kwa ajili ya nani.

Ijumaa: Kwa Kujifunza Zaidi

Mama yule hakumtoa mwanawe siku ile. Alikwenda ukumbini, akaketi kwenye benchi jioni tatu mfululizo. Kisha akamweleza mwalimu kisa cha dada mdogo. Mwalimu hakucheka. Kwa miezi miwili akampa mtoto zoezi moja: kurusha ngumi au teke kwa nguvu zote, na kulisimamisha kabla halijamgusa mwenzake. Tena na tena, hadi mwili ujue kusimama kama ulivyojua kupiga.

Mtihani wa mkanda ulipopangwa Jumamosi, mama alisema hapana. Mwalimu alisikitika, lakini hakubadili tarehe. Wenzake wakavaa mikanda ya njano, yeye akabaki na mweupe mwaka mzima, na mara mbili alirudi nyumbani akilia. Mama hakumwambia kwamba hilo ni jambo dogo. Aliketi naye, wakaomba, kesho yake akamsindikiza tena mazoezini.

Siku moja dada yake alimpokonya daftari tena. Mguu uliinuka, ukasimama hewani, ukashuka chini. Wote wawili wakautazama, wakacheka.

Inawezekana familia nyingine, yenye mwalimu mwingine na ukumbi mwingine, ingepaswa kumtoa mtoto siku ile ile na kumpa jembe, mpira au baiskeli. Mifupa ingeimarika vilevile. Mungu hajatuagiza karate, lakini ametukabidhi watoto wetu wazima wazima, miili yao ikiwemo.

Maswali ya Kujadili

1. Kama mwili hujifunza kwa marudio, ibada ya familia ya asubuhi na jioni inaufundisha nini mwili wa mtoto, hata siku ambazo akili yake iko mbali?

2. Ungemwuliza mwalimu wa karate maswali gani matatu kabla ya kumkabidhi mtoto wako? Je, huwa unamwuliza maswali hayo mwalimu wa mpira au wa kwaya?

3. Mtoto wa kanisa lenu anaonewa njiani. Kabla ya kujadili kama ajifunze kujihami, ninyi watu wazima mtafanya nini juma hili?

4. Mtoto aliyebaki na mkanda mweupe alipoteza nini, na alipata nini? Jibu bila kuidharau hasara yake.