Mlima Usiosimuliwa

Katika mahekalu mengi ya Shinto nchini Japani, nyuma ya ukumbi wa ibada huwa kuna chumba kilichofungwa, na humo hutunzwa kitu kinachokaliwa na mungu: pengine kioo, pengine upanga. Hekalu la Ōmiwa, mjini Sakurai katika mkoa wa Nara, halina chumba hicho. Ukumbi wake, uliojengwa upya mwaka 1664, unaelekea mlima Miwa, na mlima wenyewe ndio mwili wa mungu. Anayeinama pale anauinamia msitu.

Kipi basi kinachokifanya kilima cha mita 467 kiwe kitakatifu? Mtu anaweza kujibu kwamba utakatifu ni kuwapo kwa kisichoonekana. Sawa, lakini jibu hilo linatuachia fumbo jipya badala ya lile la kwanza. Mimi naelekea kwingine: kitakatifu ni kile ambacho watu wamekubaliana kutokitumia. Mwerezi kwa seremala ni mbao, kwa mpishi ni kuni. Mwerezi wa Miwa haujaitwa na kazi yoyote. Umeachwa uwe mti tu.

Lakini hata hili halitoshi, kwa maana shamba lililotelekezwa nalo halitumiki. Tofauti iko katika anayejizuia. Anayeruhusiwa kupanda Miwa huvaa utepe mweupe wenye kengele, hali chakula njiani, hapigi picha, na kwa desturi hasimulii alichokiona. Sharti hili la mwisho ndilo linalonisumbua. Tumezoea kuipima thamani kwa kubadilishana: hiki kwa kile, safari kwa hadithi yake. (Wengine husafiri kwa ajili ya hadithi tu, na nimo.) Je, kitu kisichoweza kuoneshwa wala kusimuliwa kina thamani kwa nani?

Labda swali limekosea kwa kumtafuta mwenye thamani hiyo. Kiswahili chetu husema pametulia, panatisha, pananukia, nacho hakiulizi ni nani atendaye; mahali penyewe panatosha kuwa mtendaji. Msitu huo haungojei shahidi ndipo uwe na maana.

Akishuka, mtu huuvua utepe na kuurudisha. Akifika kwake ataulizwa, "Umeona nini huko?"

Atakohoa kidogo, aombe chai.