Chombo Kipya cha Uvuvi, na Nani Ajaribiwaye

Swali letu la mwezi huu si geni, walakini laonekana jipya kila chombo kipya kinapoingia nchini: Je, chombo ni chema kwa sababu chazidisha mapato? Twaomba mlifikiri pamoja nasi.

Vijana wa usharika mmoja hapa Karagwe walitaka kununua mishipi ya kisasa kwa fedha za akiba yao, ili wavue na kuuza samaki. Ni fito nyepesi zenye gurudumu dogo lizungushwalo kwa mkono, na uzi wa nailoni umeviringwa juu yake. Wazee walikataa, wakasema fedha za kahawa zisitupwe majini. Wote wakatuomba tuamue. Basi tukaenda pamoja mpaka Ziwa Rwakajunju, kijana mmoja akiwa na gurudumu alilopewa na ndugu yake aliyerudi kutoka Ulaya, na mjomba wake, mvuvi wa siku nyingi, akiwa na ufito wake wa mwanzi.

Mzee alitupa ndoana yake hatua chache tu, penye mafunjo. Kijana akatupa yake, uzi ukalia, ukaenda mbali kuliko jiwe litupwalo kwa mkono. Akatueleza pia habari za breki: samaki mkubwa akivuta kwa nguvu, gurudumu humwachia uzi kidogo kidogo, usikatike, mpaka achoke.

"Mjomba, uzi wako ungekatika," akasema.

Mzee akajibu, "Kweli, mwanangu. Lakini hiyo ni breki ya samaki. Breki yako wewe iko wapi?"

Tulicheka. Kisha sisi wenyewe tukaomba kujaribu, na hapo ndipo penye aibu yetu. Tulitupa, tukavuta, tukatupa tena. Sato wadogo, wasiotimia kiganja, tuliwaacha nyasini bila kuwahesabu, maana tulikuwa twajaribu gurudumu, hatukuwa twatafuta chakula. Saa mbili zilipita wala hatukuzijua. Mzee alipokwisha kupata samaki watano wa kuitosha nyumba yake, alikunja uzi, akaanza kuwaokota wale wadogo na kuwarudisha majini waliokuwa hai. Hakusema neno. Waliokuwa hai walikuwa wachache.

Wako watakaosema: kosa ni la mkono, si la chombo, kisu kile kile hukata mkate na huua mtu. Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Ufito wa mzee una sheria ndani yake isiyoandikwa: mkono huchoka, uzi haufiki mbali, samaki mkubwa huukata na kwenda zake. Chombo kipya huiondoa sheria hiyo, wala hakileti nyingine mahali pake.

Yaliyolipata Ziwa Viktoria yatufundisha. Mwaka 1905 nyavu za kigeni za kutegea zililetwa katika ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya. Ngege, waliokuwa wengi mno, walinaswa, na nyavu zikasifiwa. Zilijaribiwa, zikaonekana njema. Lakini miaka ilivyopita, kila wavu ulileta samaki wachache zaidi, na mtaalamu Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alishauri matundu yasipungue inchi 5. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, na huku Tanganyika amri ile ya inchi 5 ikaondolewa. Matundu yakazidi kuwa madogo, ngege wakazidi kupungua. Hakuna aliyekusudia kulimaliza ziwa. Kila mtu aliujaribu wavu wake tu, akauona mwema.

Wala tusiseme gurudumu ni ubaya wa siku hizi. Ma Yuan, mchoraji wa China, alilichora katika mshipi wa mvuvi tangu zamani, kama mwaka 1195. Tena hushika samaki mmoja mmoja, na aliye mdogo aweza kurudishwa akiwa mzima. Huko Ulaya wengi wavuao samaki aitwaye karpu humpima kwa mizani, kisha humwachia. Mzee aliposikia hayo alishangaa: "Wamchosha bure?" Nalo ni swali la haki. Kumtesa kiumbe kwa mchezo si wema kwa sababu tu aliachwa hai.

Basi tuliamua hivi. Vijana wapate leseni kwanza, kisha wanunue magurudumu mawili. Lakini kabla ya fedha kutolewa, waandike pamoja na wazee: samaki asiyetimia kiganja arudishwe upesi, idadi ya siku iwekwe kabla ya ndoana kutupwa, naye mwenye kuhesabu awe yule mzee.

Kijana akauliza, "Mchungaji, nanyi mmo katika sheria hiyo?"

Tukajibu, "Sisi kwanza."

Nanyi walimu wa sharika, mtu akiwaletea chombo kipya, cha majini au cha shambani au cha msituni, msimwulize tu chaleta kiasi gani. Mwulizeni pia: Uchovu uliokuwa ukituzuia umeondoka, ni nini kitakachotuzuia sasa? Asiye na jibu hajamaliza kukijaribu chombo chake.