Pumziko la Ardhi na Gharama Yake

Soma Mambo ya Walawi 25:1–7, 20–22. Mungu alipoagiza ardhi ipumzike, watu wake wangeuliza swali gani? Naye aliwajibuje?

Kila mwaka wa saba mashamba ya Israeli yalipaswa kuachwa bila kupandwa. Agizo hilo lilikuwa jema, lakini lilikuwa na gharama. Mkulima mwenye watoto angeuliza watakula nini. Mungu hakulikemea swali hilo. Aliahidi kwamba mavuno ya mwaka wa sita yangetosha kwa miaka mitatu. Aliyeagiza pumziko ndiye aliyebeba gharama yake.

Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, walilijua pumziko la ardhi tangu zamani. Walitenga sehemu ya malisho iitwayo ngitili, wakaifunga wakati wa mvua ili nyasi na miti ikue, kisha wakaifungulia mifugo wakati wa kiangazi. Lakini katika karne ya 20 miti ilikatwa kwa wingi ili kuwaangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wengi wakawa mbali na ngitili zao. Kufikia mwaka 1986, kumbukumbu zilionyesha hekta zipatazo 600 tu.

Mwaka huo serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambayo ilipata pia msaada wa fedha kutoka Norway. Kilichoenea zaidi hakikuwa kitu kigeni, bali ngitili yenyewe. Familia na vijiji vilichagua maeneo ya kufunga. Mabaraza ya jadi na sungusungu walilinda, na aliyeingiza mifugo kinyume cha taratibu alitozwa faini. Programu ilipofikia mwisho mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Mapato ya baadhi ya ngitili za vijiji yalisaidia kujenga shule na zahanati.

Je, ni haki watu kusaidiwa kwa fedha ili waitunze ardhi yao wenyewe? Wengine hujibu kwamba uwakili si kibarua. Anayelinda mti kwa ajili ya malipo atauacha siku malipo yatakapokoma. Hoja hiyo ina uzito. Huko Shinyanga fedha pekee zisingefunga ngitili hata moja, kama wenyeji wasingeamua.

Lakini hoja hiyo humsahau mwenye ng'ombe wawili. Mwenye ardhi kubwa aweza kufunga sehemu yake na bado akachunga kwingine. Maskini akikifunga kipande chake cha pekee, watoto wake hukosa maziwa. Hata katika mafanikio ya Shinyanga, wenye ardhi kubwa walinufaika zaidi. Soma Kutoka 23:10, 11. Mungu aliwataja maskini katika agizo lile lile la pumziko la ardhi. Basi msaada unaohesabu miti iliyoota, bila kuuliza ni nani aliyekosa malisho, umetimiza nusu tu ya agizo.

Kwa upande mwingine, mtoaji hanunui mamlaka. Kulingana na Walawi 25:23, ardhi ni ya Mungu, na wakaao juu yake ni wageni wake. Mwenye fedha ni mgeni, na mwenye shamba ni mgeni. Mmoja hana haki ya kuamuru kwa sababu ametoa. Mwingine hana haki ya kuharibu kwa sababu amerithi. Wote wawili watatoa hesabu kwa Mwenye mali.

Jadilini: Kijiji kikiamua kufunga eneo la msitu au chanzo cha maji ili lipone, ni nani atakayepoteza kuni, malisho au shamba? Kikundi chenu kinaweza kubeba sehemu gani ya hasara yake, bila kumfanya ajione mtumwa wa aliyempa?